Jinsi ya kumkabili mpinzani mwenye mdomo uwanjani

Kama mna mechi Jumamosi na mmeshasikia kwamba beki wao wa kati ana mdomo, kazi ianze Jumanne mazoezini. Siku ya mechi hakuna anayejifunza kuvumilia, kila mtu anafanya kile alichozoea. Mimi nanoa vijana wa chini ya miaka 17 hapa Kitangiri, Mwanza, na kabla ya goti kukataa nilicheza beki wa kati kwenye ndondo, yaani mashindano ya mtaani, za Kirumba, Pasiansi na Igoma. Kadi nyekundu nyingi nilizoziona huko zilianza na neno. Na aliyetolewa mara nyingi hakuwa yule aliyelisema, alikuwa yule aliyelijibu kwa kiwiko.

Dunia nzima ililiona hilo Berlin, tarehe 9 Julai 2006. Dakika ya 110 ya fainali ya Kombe la Dunia, Materazzi wa Italia anamwambia Zidane wa Ufaransa maneno, Zidane anageuka na kumpiga kichwa cha kifua. Ufaransa wakabaki 10 na mikwaju ya penalti ikaamuliwa bila nahodha wao, Italia wakashinda 5-3. Baadaye FIFA iliwaadhibu wote wawili, Zidane mechi tatu na Materazzi mbili, lakini kombe lilikuwa limeshakwenda Italia.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kumwingizia kijana kichwani ni hili: anayekutukania mama hana ugomvi na mama yako, wala hamjui. Anachotaka ni dakika mbili zijazo usiuone mpira. Na mara nyingi ametumwa. Kocha wake ameona unamsumbua kwa miguu, akamwambia akutoe mchezoni. Kijana akilielewa hilo, nusu ya sumu imeisha, kwa sababu matusi yale yanakuwa ushahidi kwamba anacheza vizuri.

Tambo ziacheni zipite

Sisi wa Kanda ya Ziwa tumekulia kwenye mashindano ya maneno. Nenda Bujora, pale Kisesa, wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, mwezi Juni, uone Bagika na Bagalu wanavyopambana. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, kila kimoja kinataka kuvuta watu waje upande wake, na nyimbo zinamrarua mpinzani bila huruma. Simba na Yanga wanaitwa watani wa jadi, na utani huo ndio unaojaza viwanja. Siwezi kuwakataza vijana wangu wasitambe, itakuwa kama kuwavua kitu cha kwao.

Tambo ni hizi: "Kaka, leo unapanda boda kabla ya mapumziko." "Kipa, hizo glovu umeazima?" "Rudini kijijini mkale michembe." Ukicheka, yameisha. Ila ipo moja ambayo huwa nawaonya nayo sana: "Dogo, angalia benchi, kocha anampasha mwenzako." Haina tusi hata moja, na ni hatari kuliko matusi yote, maana kijana atageuza shingo na winga atakuwa ameshampita. Jibu lake liko kwa kocha. Waahidi wachezaji wako mapema kwamba hakuna mtu atakayetolewa bila wewe mwenyewe kumwita kwa jina, na uitimize ahadi hiyo. Hapo uongo ule hauna pa kushika.

Wachezaji wengi wa mchangani hawaijui sheria yenyewe, kwa hiyo isomeni pamoja. Kanuni ya 12 inasema lugha ya matusi au ya kudhalilisha ni kadi nyekundu, haijalishi anaambiwa mpinzani, mwenzako au refa. Kumvuruga mpinzani kwa maneno wakati mpira unachezwa, kwa mfano kumpigia kelele "Acha, yangu!" ili auache akidhani ni mwenzake, ni kadi ya njano. Refa akisimamisha mchezo kwa kosa la maneno, inapigwa faulo isiyo ya moja kwa moja. Vijana wangu wawili walikuwa wanaipenda sana hiyo "Acha!" na nimewakataza kabisa. Ni wizi, na siku refa anayejua sheria akija, tutalia.

Mazoezi ya Jumanne

Chagua zoezi ambalo tayari ni gumu, kwa mfano watatu kwa watatu kwenye eneo dogo, miguu ikiwa imechoka. Weka watu wawili wa kuongea. Kazi yao ni kumfuata mchezaji mmoja na kumsema mfululizo. Masharti ni kwamba hakuna mama, hakuna kabila, hakuna mwili wa mtu. Utashangaa ubunifu wao. Mimi nasimama pembeni siangalii anayesema, naangalia macho ya anayesemwa. Akimtazama msemaji, nasimamisha, mpira unakwenda kwa wapinzani. Baada ya wiki chache anaanza kuutazama mpira tu, na wale wasemaji wanachoka wenyewe.

Halafu mpe jibu. Kumwambia kijana "usijibu kitu" ni kumbebesha mzigo, koo linamkaba na linatoka kwa ngumi. Vijana wangu wana jibu moja tu, "Mhola," yaani "salama" kwa Kisukuma, kama mtu aliyesalimiwa asubuhi. Anatukanwa, anasema mhola, anakimbia kwenye nafasi yake. Beki mwenye mdomo anakasirika vibaya sana akijibiwa hivyo mara ya nne.

Kitu kingine ni miguu. Maneno mengi yanasemwa mpira ukiwa umesimama: kona, faulo, goli kiki, mtu akiwa anatibiwa. Mfundishe fowadi asisimame bega kwa bega na beki huyo wakati huo. Atembee hatua tano pembeni, afunge kamba, anywe maji. Mpira ukianza ndipo arudi. Beki hawezi kumfuata kila mahali akiongea bila kuiacha ngome yake.

Padri mmoja kutoka Ireland, aliyekuwa parokia ya jirani, alikuwa akituonyesha fainali za mpira wa Kigaeli kwenye televisheni ya parokia. Wachezaji 15 kwa 15, mpira unadakwa na kupigwa kwa mkono na kwa mguu, na mechi za wakubwa za kaunti kwa kaunti zinachezwa dakika 70. Nilichokiona mimi kama beki ni kwamba kila mlinzi alikuwa na mtu wake, amemgandia tangu mwanzo hadi mwisho. Ukigandana na mtu hivyo, mdomo lazima ufunguke, na padri alikiri kwamba kwao maneno machafu kati ya mlinzi na mtu wake lilikuwa tatizo la miaka mingi. Mwaka 2014 walileta kadi nyeusi, na kumtolea mpinzani lugha ya matusi au ya uchokozi kukawa miongoni mwa makosa yake. Aliyeonyeshwa alitoka moja kwa moja, akaingia mwingine badala yake. Kuanzia 2020 kadi hiyo ikawa ya kukaa nje dakika 10 huku timu ikicheza pungufu. Naipenda hiyo ya pili. Timu nzima inapolipia mdomo wa mtu mmoja, wenzake ndio wanaomwambia anyamaze. Mazoezini kwangu ninaitumia: anayetukana anakaa nje, na upande wake unacheza pungufu hadi atakapoitwa.

Pale ambapo hatuvumilii

Nilikuwa na winga aliyetoka Ukara. Alimpoteza baba yake kwenye ajali ya MV Nyerere, Septemba 2018, akiwa bado mdogo. Mechi moja, mbele yangu kabisa kwenye laini, beki wa kulia wa wapinzani akamwambia, "Kamtafute baba yako ziwani." Sijui nani alimpa habari ile. Winga wangu alisimama. Mikono ilikuwa imeshuka, vidole vinatetemeka, mpira ukampita pembeni bila yeye kuuona. Nahodha wetu alikuwa mbali, karibu na duara la kati, lakini alikuwa amefundishwa kuwatazama wenzake. Akaja mbio, akasimama katikati yao, mgongo kwa beki na uso kwa mwenzake, akamshika mabega. Hakumwambia beki hata neno. Kisha akaenda kwa refa, mikono nyuma: "Mwamuzi, namba mbili amemwambia namba saba akamtafute marehemu baba yake ziwani. Mshika kibendera amesikia." Refa akamwita mshika kibendera, wakaongea, ikatoka kadi nyekundu.

Angalieni alivyosema. Namba, maneno yenyewe, shahidi. Hakusema "anatutukana, refa, angalia huyu!" huku wachezaji sita wamemzunguka mwamuzi. Refa aliyezungukwa anajihami, hasikilizi. UEFA kwenye Euro 2024 ilitaka nahodha peke yake ndiye amwendee mwamuzi kuomba ufafanuzi, na sisi tufanye hivyo hata kwenye ndondo ambayo haina sharti hilo.

Kwa hiyo kabla ya msimu, kaa na kila mchezaji peke yake, umuulize ni neno gani likisemwa uwanjani litamtoa akili. Wengine watacheka. Mmoja atakuambia ukweli. Usiuandike popote, mwambie nahodha tu, kwa ruhusa ya mwenyewe.

Na kuna neno ambalo halihitaji kuulizwa. Kanda hii ndiko watu wenye ualbino walikouawa na kukatwa viungo, hasa miaka ile ya 2007 hadi 2009. Mchezaji au shabiki akimwita mwenye ualbino "dili", hiyo siyo tambo wala tusi la kawaida, ni kumkumbusha kwamba kuna watu wanamwinda. Hapo nahodha akusanye timu, wakae chini, mechi isimame hadi refa aandike na msemaji aondolewe. Refa akikataa, toeni timu. Pointi tatu zipotee. Nimewaambia wazazi wa vijana wangu hivyo mbele ya kamati ya mashindano, na sitabadilisha.

Penalti, na vitu vya golini

Kwenye penalti kipa ndiye anakuwa msemaji. Emiliano Martínez, kipa wa Argentina, nusu fainali ya Copa América 2021 dhidi ya Colombia, aliwasema wapigaji mmoja mmoja, na kwa kuwa hakukuwa na mashabiki kila neno lilisikika. Aliokoa tatu. Tangu Julai 2023, Kanuni ya 14 inamkataza kipa kumvuruga mpigaji isivyo haki, kama kuchelewesha upigaji au kugusa nguzo, mwamba na nyavu. Lakini usitegemee kila refa wa mtaani analikumbuka hilo.

Mpigaji achague upande wakati anatoka katikati, kabla hajafika kwa kipa. Auweke mpira mwenyewe, tundu la pampu likimtazama yeye, apate kitu cha kukodolea macho. Arudi nyuma bila kuugeuzia mpira mgongo. Kipa akija kuongea, asiondoke kwenye mstari wake wa kukimbilia. Kipa akiuchukua mpira, asiugombanie, aweke mikono kiunoni, refa ataurudisha. Filimbi ikilia, avute pumzi moja na kuitoa, ndipo aende. Wanaokosa ni wale wanaokimbilia mpira ili mradi yaishe.

Mengine ya kupandisha presha ni ya kwetu kabisa: yai nyuma ya goli, uzi mwekundu kwenye nguzo, timu inayopita mlango usio rasmi. Hata Bodi ya Ligi imezitoza faini klabu kubwa kwa hiyo ya milango. Siwezi kubishana na imani ya mtu dakika tano kabla ya mechi. Ninachofanya ni kumtuma mtu wa vifaa afike mapema, atembee golini kote, akiokota kitu akitupe mbali na asimsimulie mtu. Kipa akifika anakuta goli safi. Na bodaboda wanaopaki nyuma ya bendera ya kona na kupiga resi wakati wa kupiga mpira? Nendeni mkawasalimie kabla ya mechi, muwaombe wasogee. Wengi wanasogea wakiombwa kwa heshima.

Mechi ikiisha, shikaneni mikono wote, hata na yule mwenye mdomo. Kama kulikuwa na neno la kuvuka mpaka, malalamiko yaandikwe siku hiyo hiyo: dakika, namba ya jezi, nani alisikia, na maneno yenyewe kama yalivyosemwa, hata kama mkono unasita kuyaandika. Ukiandika tu "alitumia lugha chafu", kamati haina la kushika. Ulizia ada ya rufaa na muda wa mwisho wa kuikata siku mnayojiandikisha, maana kwenye ndondo nyingine muda huo ni saa chache tu. Karatasi ipige picha kwa simu kabla hujaikabidhi, na anayeipokea asaini na kuandika saa.