SOMO: Kufunga kisukuku kwa plasta, kwa wanaokwenda Turkana na mwalimu wao

Nilikuwa mwaka wa tatu wa jiolojia tulipovuka mpaka wa Namanga kuingia Kenya na profesa wetu kwenda Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana. Darasani tulisoma miamba vizuri, lakini kutoa kisukuku, yaani mfupa wa kale uliohifadhika ardhini, bila kuuvunja hakuna aliyekuwa ametufundisha. Kwa ninyi mnaojiandaa, hivi ndivyo inavyofanyika.

Hatua ya 1: Usiguse, andika. Ukiuona mfupa, mikono nyuma. Piga picha ukiwa umeweka rula na mshale wa kaskazini, soma GPS, kisha tafuta tabaka la ardhi: mfupa umetoka juu au chini ya jivu gani la volkano? Hatua hii naisisitiza kuliko zote. Mwaka 1972 mtafuta visukuku Bernard Ngeneo alikuta huko huko Koobi Fora vipande vya fuvu la binadamu wa kale linalojulikana kama KNM-ER 1470, chini ya jivu liitwalo KBS. Wakati huo jivu hilo lilidhaniwa kuwa na miaka milioni 2.6, kwa hiyo fuvu likaonekana la kale mno. Vipimo vya baadaye viliushusha umri wa jivu hadi karibu milioni 1.9, na umri wa fuvu nao ukarekebishwa. Uliwezekana kurekebishwa kwa sababu tabaka lake lilikuwa limeandikwa. Mfupa usio na tabaka hauwezi kusahihishwa na mtu yeyote.

Hatua ya 2: Chimba kuuzunguka. Tumia patasi ndogo, bisibisi na brashi. Usiufukue wote. Acha udongo ulioushika, kata mtaro pande zote mpaka mfupa ubaki juu ya nguzo, kama uyoga. Penye nyufa dondoshea gundi ya Paraloid iliyoyeyushwa kwenye asetoni, usubiri ikauke.

Hatua ya 3: Karatasi kwanza. Funika mfupa kwa karatasi za chooni zilizolowa, tabaka kadhaa, ukizigonga taratibu kwa brashi yenye maji mpaka zilale kabisa. Bila karatasi, plasta itashikana na mfupa, na atakayefungua maabara atabandua vyote pamoja.

Hatua ya 4: Hogo lenyewe, yaani ganda la plasta. Ni plasta ile ile anayofungwa aliyevunjika mguu. Kata gunia la katani vipande virefu, uvilowanishe. Mimina unga kwenye maji, si maji kwenye unga, mpaka vitokeze visiwa vidogo juu ya maji. Hapo koroga kwa mkono hadi iwe kama mtindi. Fanya haraka, kwa sababu inakaza ndani ya dakika chache. Chovya, kamua kidogo, laza, bonyeza hewa itoke. Kila kipande kilalie mwenzake kidogo. Mfupa mrefu uongezee fito. Likikauka, andika juu yake namba, tarehe na upande wa kaskazini.

Hatua ya 5: Kupindua. Chimbua chini ya nguzo, kisha watu wawili au watatu mgeuze kwa pamoja, kwa mwendo mmoja. Sisi tulipindua paja la kiboko plasta ikiwa bado ya uvuguvugu. Uvuguvugu ni dalili kwamba bado inakaza. Hogo lilifunguka upande mmoja, na mfupa ukamwagika mchangani vipande vipande. Tulikaa jua lote la mchana tukichekecha. Subirini lipoe, na ukiligonga lilie kama mti.

MASWALI YENU

Dada, nitajuaje kama ni mfupa au jiwe tu?
Angalia vitundu vidogo penye mpasuko. Wengi hugusisha ulimi: mfupa wenye vitundu hunata. Zaidi ya hapo ni jicho. Marehemu Kamoya Kimeu, mtafuta visukuku wa Kenya, mwaka 1984 huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, aliona kipande kidogo cha fuvu chenye rangi kama ya vijiwe vilivyokizunguka. Kilikuwa mwanzo wa mifupa ya yule anayeitwa kijana wa Turkana, mvulana wa binadamu wa kale ambaye mifupa yake mingi ilipatikana. Tembea polepole, na urudie njia ile ile jua likiwa upande mwingine.

Plasta ikiisha porini?
Tendaguru, kule Lindi, kati ya 1909 na 1913 wachimbaji wetu walifunga mifupa ya dinosaria kwa mianzi, na mizigo ikabebwa kichwani hadi pwani. Baadhi ya vifurushi hivyo vya mianzi vilikaa kwenye makumbusho ya Berlin, Ujerumani, miaka mingi bila kufunguliwa. Kwa hiyo inawezekana, ila pigeni hesabu ya plasta na maji pamoja na mwalimu wenu kabla hamjaondoka.

Naweza kurudi na jino moja la mamba, la ukumbusho?
Hapana, mdogo wangu, hata kipande. Visukuku vya Kenya vinalindwa na sheria ya makumbusho na urithi ya 2006, na kilichookotwa kwa kibali huenda Makumbusho ya Taifa. Rudi na daftari lako. La kwangu bado lina vumbi la Koobi Fora kwenye mshono.