Kuchora kolam ya Deepavali katika jumba la makumbusho, hatua kwa hatua

Sikukuu ambayo wakazi wa Mombasa na Dar es Salaam huijua kwa jina la Diwali, Watamil wa India ya kusini, Singapore na Malaysia huiita Deepavali, neno la Kisanskriti lenye maana ya safu ya taa. Mjini Singapore, mtaa wa Little India ndio kitovu chake, na humo limo jumba la Indian Heritage Centre, lililofunguliwa mwaka 2015. Nimeandika mwongozo huu baada ya kusimamia meza ya kolam kwa wageni wa makumbusho, wengi wao wakiwa watoto. Kolam ni pambo la unga wa mchele ambalo kina mama wa Kitamil hulichora alfajiri mbele ya kizingiti kilichofagiwa na kunyunyiziwa maji.

Hatua ya 1: Mahali pa kuchorea

Omba ruhusa mapema, na uchore juu ya ubao, si sakafuni. Nyumbani, unga unaoliwa na chungu na ndege huhesabiwa kuwa sadaka. Katika makumbusho, wadudu wanaovutwa na unga ni hatari kwa nguo na karatasi zilizohifadhiwa. Plaiwudi ya nusu mita kwa nusu mita, iliyopakwa rangi nyeusi isiyong'aa, inafaa kuliko kitu kingine chochote nilichojaribu.

Hatua ya 2: Unga

Hapa ndipo nilipopoteza saa nyingi. Mara ya kwanza nilinunua unga laini wa mchele, ule wa kupikia, na kwa unyevu wa hewa ya Singapore ukawaganda watoto vidoleni, ukawa unaanguka kwa madonge badala ya kutiririka. Bibi mmoja, ambaye sote tulimwita paati, yaani nyanya kwa Kitamil, aliuchukua kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, akausugua mara mbili, akaurudisha bakulini, kisha akanipa wake niushike: ulikuwa na chembe kama mchanga mkavu wa pwani.

Osha mchele mweupe, uloweke kwa muda mfupi, uchuje, kisha uutandaze juu ya kitambaa kivulini hadi ukauke kabisa, kwa sababu unyevu kidogo tu uliobaki utauharibu unga wote. Usage uwe wa chenga, na uuhifadhi katika kopo lenye mfuniko. Kila mchoraji awe na kitambaa cha kufutia jasho la mkono. Ikiwa jumba haliruhusu kabisa vitu vya chakula, tumia unga mweupe wa mawe unaouzwa kwa ajili ya kolam. Unatiririka vizuri sana, lakini usiwaache watoto waupulize, na wanawe mikono wakimaliza.

Kuna pia vibomba vyenye matundu vinavyomwaga pambo zima kwa mpigo mmoja, na kolam za kubandika. Siviweki mezani, kwa kuwa sanaa hii imo vidoleni.

Hatua ya 3: Nukta

Anza na safu ya kati yenye nukta tano, kisha juu na chini yake weka tatu, halafu moja moja. Jumla ni nukta 13. Nafasi kati ya nukta iwe upana wa vidole viwili, kila mahali.

Hatua ya 4: Mstari

Katika aina iitwayo sikku kolam, mstari hupita katikati ya nukta na kuzizunguka bila kuzigusa, na kila mstari lazima urudi ulikoanzia. Mwache mtoto aufuate kwanza kwa kidole kitupu hadi mkono wake uizoee njia, kisha ndipo ashike unga. Akikosea, brashi kavu inatosha. Maji yataugeuza unga kuwa gundi.

Hatua ya 5: Taa

Vitaa vya udongo viloweke majini kwa saa kadhaa ili visifyonze mafuta, vikaushe, kisha vipakwe rangi upande wa nje tu. Ndani ya jumba tumia taa ndogo za betri. Mafuta ya ufuta na utambi wa pamba ni vya nyumbani.

Mtoto akiomba kuondoka na kolam yake, mpe karatasi yenye nukta 13 na unga kidogo katika bahasha, na ubao ufutwe kabla ya milango kufungwa.