Namna ya kuchagua raba ya injini ya boti, na kuijaribu kabla ya kuifunga

Nahodha mmoja wa Shela aliniletea mashine inayozima kila akifika katikati ya mkondo wa Mkanda. Alikuwa ameshabadilisha plagi, ameosha kabureta, na petroli ameimwaga yote akidhani imeingia maji. Nilipochomoa kichwa cha paipu ya mafuta nikaikuta oringi (pete ya raba ya kuziba maungio) imevimba na kulegea, laini kama kaimati iliyolala kwenye shira. Aliyemfungia aliitoa kwenye pakiti ya raba za mabomba ya maji. Kipimo kilikuwa sawasawa, raba ndiyo siyo. Mashine ilikuwa ikinyonya hewa pamoja na petroli, na nahodha ana abiria kumi ndani ya boti.

Kwa hiyo nawaandikia mafundi wenzangu, hasa vijana mnaoanza kazi hapa Lamu, namna ninavyochagua raba.

Hatua ya 1: Uliza raba itagusana na nini

Kabla ya kupima upana, uliza: ni petroli, maji ya chumvi, jua, au moto wa injini? Raba zote nyeusi zafanana kwa macho kwa sababu weusi ule ni masizi yanayochanganywa kiwandani kuipa nguvu. Rangi haikwambii kitu.

Hatua ya 2: Zijue kwa tabia zao

Raba ya asili ni utomvu wa mti wa Hevea brasiliensis, ambao kwao ni Amazon, ingawa leo Thailand na Indonesia ndizo zinazotoa kwa wingi. Pwani yetu nayo ilikuwa na mpira wake wa porini, ule mmea unaotambaa juu ya miti, wa ukoo mmoja na mbungo. Ukipasua bungo bichi, ule weupe unaonata vidoleni ni utomvu wa jinsi hiyo hiyo. Utomvu mtupu hulainika kwa joto na kukakamaa kwa baridi. Charles Goodyear ndiye aliyegundua, mwaka 1839, kwamba ukichanganywa na salfa na kupashwa moto unatulia. Raba hii inavutika na haichaniki upesi, ndiyo maana matairi ya malori na ya ndege bado yanaitegemea, na raba za kushikia injini zisitikisike pia. Lakini petroli inaimaliza, na jua linaipasua.

Nyingine hutengenezwa viwandani, nyingi kutokana na mafuta ya petroli. SBR ni ya matairi ya magari madogo na soli za viatu. Marekani iliijengea viwanda kwa haraka baada ya Japani kuyateka mashamba ya mpira ya Asia mwaka 1942. Butili haipitishi hewa kwa urahisi, kwa hiyo ndiyo ya tyubu.

Kwa sisi wa boti, tatu ndizo za kushika sana. Nitrili, inayoandikwa NBR kwenye pakiti, inavumilia petroli na oili: hiyo ndiyo ya oringi za mafuta na sili, ila usiiache juani. Neoprini, iliyoanza kuuzwa na DuPont mwaka 1931, ina wastani mzuri wa kila kitu: chumvi, jua, na oili kidogo. Impela nyingi, yale magurudumu ya raba yenye mabawa yanayosukuma maji ya kupoza injini, ni za neoprini. EPDM ni shujaa wa jua na maji ya moto, inafaa paipu za rejeta na raba za milango ya magari, lakini kwenye petroli haifai kabisa. Silikoni na Viton zinavumilia joto la nyuzi 200, na Viton inavumilia hata petroli. Bei yake ni kubwa, na kazi nyingi zetu hazihitaji kufika huko.

Hatua ya 3: Jaribu kwa petroli

Hapa usifanye haraka. Nunua oringi mbili za aina moja. Moja itumbukize kwenye chupa ya kioo yenye petroli, funga kifuniko, weka kivulini mbali na moto. Ya pili iache kavu, ndiyo shahidi wako. Baada ya saa 24 itoe kwa koleo, ifute, ilaze kando ya shahidi palepale. Nitrili utaona tofauti ndogo au usiione. Raba ya asili na EPDM utaziona zimenenepa, na ukizibonyeza hazina ukakamavu.

Nasema palepale kwa sababu nimeona wengi wakikosea hapa. Wanaitoa raba, wanaianika, kesho wanaipima. Petroli imeshapaa na raba imerudi karibu na umbo lake la kwanza, basi wanasema ni nzima.

Hatua ya 4: Waya wa shaba

Ukitaka kuijua neoprini, shika waya wa shaba kwa koleo, uchome kwenye jiko la gesi mpaka uwe mwekundu na moto usionyeshe kijani. Ugusishe kwenye raba, urudishe motoni. Moto ukigeuka kijani, kuna klorini ndani, na neoprini ina klorini. Plastiki ya PVC nayo hutoa kijani, kwa hiyo hakikisha kwanza unachokishika ni raba. Fanya nje, upepo ukutoke mgongoni, na petroli ya Hatua ya 3 iwe mbali.

Hatua ya 5: Kufunga impela

Osha nyumba ya pampu, toa mchanga wote. Paka maji ya sabuni, usipake grisi ya kawaida. Shusha nyumba juu ya impela huku ukiizungusha shafti upande wa saa, ili mabawa yalale upande unaotakiwa. Usiiwashe mashine ikiwa kavu hata kidogo, maana maji ndiyo yanayoilainisha impela, na bila maji mabawa yanaungua upesi. Iteremshe majini au uitumbukize kwenye pipa, washa, angalia maji yatoke kwenye tundu la nyuma kwa nguvu. Yakitoka kwa kudondoka, zima mara moja ufungue tena.

Raba za akiba zitie kwenye mfuko mweusi, ndani ya nyumba.