Jinsi ya kumpigia daktari simu ukapata ushauri wa kutegemeka

Mimi ni nesi, na sehemu kubwa ya zamu yangu huishia kwenye simu. Mgonjwa simwoni, simgusi, mapafu yake siyasikilizi. Nafanyia kazi yale unayoniambia tu.

Hatua ya 1: Hakikisha ni jambo la kupigia kliniki

Kifua kinachobana, kushindwa kupumua, uso kupinda upande mmoja, mkono kulegea ghafla, damu isiyokatika, degedege: hayo usinipigie mimi. Piga namba ya dharura au mkimbize mgonjwa hospitali. Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye joto la 38°C au zaidi naye aonwe haraka siku hiyo hiyo, hata kama ananyonya vizuri.

Hatua ya 2: Jiandae

Umri, uzito (hasa wa mtoto), dalili zilianza lini, joto na mahali ulipopimia, mzio, ujauzito kama upo, na dawa zote anazotumia. Za mitishamba pia, maana hizo watu hupenda kutuficha. Dawa usizitaje kwa rangi; "vile vidonge vyeupe" ni nusu ya duka la dawa. Shika pakiti mkononi, na uwe karibu na mgonjwa. Nikiuliza kama midomo imekauka, nataka uitazame, usikisie.

Hatua ya 3: Jua unaongea na nani

Mara nyingi anayepokea ni mhudumu wa mapokezi. Kazi yake ni kupanga miadi na kuchukua ujumbe. Akikwambia "hayo ni mafua tu", huo si ushauri wa kitabibu, hata akiwa amekaa pale miaka mingi. Omba nesi au daktari. Ukiahidiwa kupigiwa, uliza saa ngapi, kisha upokee hata namba usiyoijua. Hali ikibadilika kabla ya hapo, usisubiri.

Hatua ya 4: Anza na lililo zito

"Mwanangu ana miaka 2, kilo 12, anatapika tangu saa 4 usiku, na tangu asubuhi hajakojoa." Hapo tayari najua niharakishe. Habari za nani alikula nini kwenye sherehe zitafuata nikiziuliza.

Hatua ya 5: Dai kipimo kamili

Hapa ndipo watu huumia. Ukiambiwa "mpe paracetamol ya maji kijiko kimoja", usikate simu. Kuna chupa yenye miligramu 120 katika kila mililita 5, na kuna yenye 250. Ujazo ni ule ule, dawa ni zaidi ya maradufu. Soma lebo kwa sauti, kisha uliza: mililita ngapi, kila baada ya saa ngapi, mwisho mara ngapi kwa siku? Pimia kwa bomba lililokuja na dawa. Vijiko vya jikoni havilingani.

Kisha turudishie ulichosikia: "Kwa hiyo chupa hii ya 120, nimpe mililita 7 na nusu, kila baada ya saa 6, zisizidi mara 4, sivyo?" Nesi mzuri hatachukia. Mimi hushusha pumzi.

Hatua ya 6: Uliza swali la mwisho

"Nikiona nini nipige tena, na nisubiri kwa muda gani?" Ukijibiwa "mwangalie tu", uliza umwangalie nini hasa. Andika jibu, saa, na jina la aliyekushauri. Ukipiga tena usiku utapokelewa na mtu mwingine, naye ataanzia kwenye hayo uliyoandika.