Jinsi ya kunyoosha kanuni za vikosi vilivyo nje ya meza

Juzi nilimsaidia rafiki kuandaa pambano la visanamu vya milimita 15, yaani mchezo wa vita unaochezwa mezani kwa askari na vifaru vidogo, na karibu maswali yake yote yalihusu vikosi ambavyo havijawekwa mezani: akiba inayochelewa, mizinga inayopiga kutoka mbali, kikosi kinachozunguka ubavuni, na waliokimbia wakavuka ukingo. Kitabu chake cha kanuni kilivimaliza vyote kwa aya moja. Utaratibu huu ndio ninaoutumia, na lazima ukamilike kabla kete ya kwanza haijarushwa.

Hatua ya 1: Tenganisha aina

"Nje ya meza" si hali moja. Kuna watakaokuja kwa ukingo wao, watakaokuja kwa ubavu, wasiokuja kamwe ila moto wao unafika, na waliotoka. Andika aina kwenye kadi ya kila kikosi, kwa kalamu. Simu haifai kwa kazi hii, kwa sababu mwenzako hawezi kuisoma akiwa upande wa pili wa meza.

Hatua ya 2: Weka zamu ya kuwasili

Kanuni iliyozoeleka ni kurusha kete kuanzia zamu ya 2, na kikosi kinaingia kwa 4 au zaidi. Fanya hesabu: baada ya kurusha mara 3, kikosi kimoja kati ya 8 bado kiko nje. Ukiwa na vikosi viwili vya akiba, karibu robo ya mapambano yako yatafika hapo angalau kimoja hakijaingia. Mtu amepaka rangi visanamu vyake wiki nzima, halafu havigusi meza! Mimi hupunguza sharti kila mara kete inapokataa: 4, kisha 3, kisha 2. Hapo uwezekano wa kikosi kubaki nje unashuka hadi 1 kati ya 36.

Kwa kikosi cha ubavuni, andika upande kitakaotokea, kunja karatasi, weka mezani. Akiwepo mtu wa tatu, mkabidhi yeye. Mchezo wa kivita wa Reisswitz uliochapishwa Prussia mwaka 1824 ulikuwa na mwamuzi aliyejua vikosi vyote, huku ramani ikionyesha vile tu vilivyoonekana.

Hatua ya 3: Fafanua kitendo chenyewe cha kuingia

Hapa ndipo niliwahi kupoteza saa mbili za jioni. Vifaru vyangu vitatu vilipata kete ya kuingia kwa barabara, na adui alikuwa ameegesha gari moja dogo inchi 2 kutoka ukingoni, katikati ya barabara hiyo. Kitabu kilisema tu kikosi "kinaingia kwa mwendo wake". Je, gari moja linaweza kufunga mlango? Mwendo unapimwa kuanzia wapi? Kifaru cha tatu kina mwendo gani uliobaki? Hatukumaliza pambano. Tangu siku hiyo naandika haya yote:

Mwendo unapimwa kuanzia ukingoni. Wakiingia sambamba, kila mmoja anapima wake. Wakiingia kwa foleni, kila anayefuata anapoteza urefu wa waliomtangulia: vifaru vyenye urefu wa inchi 2 na mwendo wa inchi 12 vitafika inchi 12, 10 na 8. Pima kwa fimbo ya mbao iliyokatwa kwa urefu kamili. Futi ya chuma inajikunja ukingoni na kuangusha visanamu.

Mlango si nukta. Ukizibwa, kikosi kinaweza kusogea hadi inchi 6 kila upande. Bado hakuna nafasi? Kinasubiri, na zamu inayofuata kinaingia bila kurusha kete tena, kikiwa na inchi 6 nyingine za kusogea. Adui anayetaka kuziba ukingo mzima alete watu wa kutosha.

Kikosi kinaingia chote au kinasubiri chote. Kila kisanamu kiwe ndani kikamilifu. Kama ni kirefu kuliko mwendo wake, kiguse ukingo na mwendo wake uishie hapo.

Anayeingia anaweza kufyatua risasi zamu hiyo, ila hawezi kushambulia kwa mikono. Adui aliyekuwa anavizia anaweza kumpiga mara tu kisanamu kikiwa ndani chote, si kabla. Wengine wanakataza kufyatua kabisa. Mimi naona hilo linamwadhibu mtu mara mbili, kwani tayari amekaa nje zamu kadhaa.

Umbali wa amri haupimwi kuvuka ukingo. Ofisa aliye nje haamrishi waliomo, na kikosi kilicho nje hakipimwi ari, yaani hakirushiwi kete ya kuona kama kitakimbia.

Hatua ya 4: Mizinga

Mzinga wa Waingereza wa ratili 25 ulifikisha kombora zaidi ya kilomita 12. Kwa vipimo vya 1:100, ambavyo ndivyo vya visanamu vya milimita 15, hizo ni zaidi ya mita 120, kwa hiyo mahali pake ni nje ya meza. Andika nani anauelekeza, na kwamba asipoiona shabaha hakuna mpigo mpya. Ombi la zamu hii linaangukia zamu ijayo. Hesabu ya mipigo ijulikane mapema. Mizinga ya nje inapigwa na mizinga ya nje tu.

Hatua ya 5: Waliotoka

Aliyekimbia akavuka ukingo harudi. Aliyetoka kwa amri anarudi baada ya zamu mbili, kwa ukingo uleule.

Hatua ya 6: Pointi

Akiba ambayo haikuingia isihesabiwe kuwa imekufa.

Mkishaandika, wekeni vifaru vitatu na gari moja la adui ukingoni, kisha chezeni zamu mbili. Dakika 10 zinatosha kuona mlipoacha pengo.