Pensheni Inaanzia Kwenye Hati ya Mshahara

Mimi naandaa mishahara kiwandani Morogoro. Vijana wakipewa hati, jicho linakimbilia kiasi cha mkononi. Anza na mstari wa makato. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kukukata zaidi ya 10. Zinazobaki analipa yeye. Kwa mshahara wa 400,000, ukikatwa 40,000, akaunti yako iingie 80,000. Omba taarifa ya michango NSSF, uilinganishe na hati zako mwezi kwa mwezi. Kukatwa si kupelekewa! Ukiona pengo, peleka nakala za hati ofisini kwao mapema, kabla kampuni haijafunga milango.

Ukihama kazi, mpe mwajiri mpya namba yako ileile ya uanachama. Miezi 180 inayotakiwa ili upate pensheni si lazima uitumikie kwa bosi mmoja.

Sasa piga hesabu, hapa ndipo watu huamka. Wastani wa mshahara 600,000, zidisha kwa miezi uliyochangia, gawanya kwa 580. Miezi 180 inakupa kama 186,000. Asilimia 35 ya hiyo inageuzwa malipo ya mkupuo, hivyo kila mwezi unabaki na karibu 121,000. Miezi 360? Karibu 242,000.

Kwa hiyo kibarua wa miaka nenda rudi adai mkataba wa maandishi na usajili wa NSSF kwanza, nyongeza ya posho baadaye. Mabosi wengi hupenda mpangilio wa kinyume, na sababu yao mnaijua.