Shampuu ya zambarau: angalia kwanza hiyo njano ni ya namna gani

Wateja wangu wa blichi hurudi saluni na malalamiko yaleyale: nywele zilikuwa safi, sasa zimekuwa njano. Kabla sijagusa chupa yoyote huwapeleka dirishani. Taa za saluni hudanganya, na mimi nataka kuiona hiyo njano kwa mwanga wa mchana, maana shampuu ya zambarau ina kazi moja tu: kuifuta njano.

Blichi haipaki weupe, inavunja melanini, yaani rangi ya asili iliyo ndani ya unywele. Melanini ya weusi na kahawia, yumelanini, huvunjika mapema. Feomelanini, ile ya wekundu na njano, ni kaidi. Ndiyo maana nywele nyeusi hupitia wekundu, kisha rangi ya chungwa, kisha njano iliyokolea, ndipo zifikie njano iliyofifia. Hata melanini ikiisha, keratini inayoujenga unywele ina unjano wake kidogo. Baadaye jua, pasi ya nywele na maji yenye madini kama chuma huukoleza.

Katika duara la rangi, zambarau inatazamana na njano, na rangi zinazotazamana zikikutana hufutana, jicho likaona kijivu. Shampuu hii huacha rangi kidogo ya zambarau juu ya unywele. Haina peroksaidi, ile kemikali ya kublichi, haing'oi kitu, kwa hiyo haing'arishi nywele hata kidogo. Ukweli ni kwamba inazitia giza kidogo, ila macho yanaziona safi. Hili narudia kwa kila mteja, kwa sababu anayetarajia weupe ataiacha kichwani mpaka imharibie. Na kama nywele zako bado ni za rangi ya chungwa, iache kabisa: chungwa hufutwa na bluu, kwa hiyo tafuta shampuu ya bluu.

Vaa glavu, isije ikakutia doa kwenye kucha. Lowesha nywele, kisha zikamue vizuri kwa taulo. Zikichuruzika maji, shampuu inazimuliwa na rangi inashika mabakamabaka. Nywele za kipilipili zigawe mafungu manne, vinginevyo ndani hapafikiwi. Anza pale penye njano nyingi, ambapo mara nyingi ni karibu na mizizi. Ncha ziwe za mwisho. Zimeshakula blichi zaidi ya mara moja, zina vitundu, zinafyonza rangi upesi kuliko sehemu nyingine yoyote, na ndizo zinazogeuka urujuani wakati mizizi bado ni njano.

Kwa mara ya kwanza, dakika mbili zinatosha. Usiliamini povu, huwa la zambarau iliyoiva hata kama unywele haujashika chochote. Chukua kishungi kimoja, kifute kwa taulo nyeupe, kitazame. Njano ikiwa bado ipo, ongeza dakika moja, ukague tena. Mimi sivuki dakika tano, na sikubali ipakwe kwenye nywele kavu nyumbani, kwani hapo inashika kwa nguvu na bila usawa.

Suuza kwa maji ya uvuguvugu mpaka yatoke meupe, halafu weka kondishena, usiruke. Nywele zilizoblichiwa ni kavu tayari, na shampuu nyingi za namna hii huzidisha ukavu.

Mara moja kwa wiki inatosha. Siku nyingine osha kwa shampuu ya kawaida isiyo na salfeti, ile sabuni kali ya kutoa povu. Zikigeuka urujuani usikimbilie blichi. Rangi hii haikuingia ndani, itatoka kwa kuosha mara chache na shampuu ya kusafisha mabaki, ukifuatisha kondishena nzito.

Wenye mvi zilizoanza kuwa njano nao wanaweza kuitumia kwa utaratibu huuhuu, ila waanze na dakika moja, maana nywele nyeupe kabisa haina pa kuificha zambarau ikizidi.